Kabla Hujashika Bisibisi: Maneno kwa Mafundi Wapya wa Kompyuta

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mnaotoka leo: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za mchana.

Nimeombwa niseme na mafundi wapya kabla hawajakabidhiwa vyeti. Walionitangulia wamezungumzia ajira na mitaji, na wamesema vizuri. Mimi nitashika kazi moja tu, ambayo naamini itawalisha kuliko nyingine yoyote katika miaka yenu ya mwanzo: kutoa diski ya zamani kwenye laptopu ya mteja na kumwekea SSD, yaani hifadhi ya mafaili isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ukihesabu skrubu peke yake, ni kazi ya nusu saa. Ndiyo maana wengi huiona ni kazi ndogo, na ndiyo maana watu wanapotezewa vitu vyao kila siku mikononi mwa mafundi.

Tuanze na mteja. Atafika na maneno mnayoyajua: "Fundi, laptopu yangu imekuwa nzito." Anaiwasha, anakwenda kukaanga mayai, anarudi, kaduara bado kanazunguka. Mwingine keshaambiwa na jirani kwamba ina virusi. Mwingine keshapigiwa Windows upya, ikawa nyepesi wiki mbili, ikarudi palepale. Na kuna yule aliyekwisha kata tamaa, yuko njiani kwenda Kariakoo kutafuta nyingine, amepita kwako kuuliza utamnunulia kwa bei gani hiyo aliyonayo.

Usimjibu haraka. Iwashe, iache itulie dakika kadhaa, fungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha kila kifaa kinavyofanya kazi, tazama mstari wa diski. Ukikuta prosesa iko kwenye asilimia 10 au 15, RAM, ile memori ya kazi, bado ina nafasi, halafu diski imeganda kwenye 100 na haishuki, ugonjwa umeuona. Mashine haijachoka. Prosesa imekaa tu inasubiri kuletewa kitu. Hizi laptopu za EliteBook, Latitude na ThinkPad za mtumba zilizojaa madukani kwetu zilitengenezwa kwa kazi za ofisini, bodi zake ni ngumu, na nyingi bado zina miaka ya kufanya kazi. Kilichozeeka ni diski. Kumwambia mteja huyo "mama, hii imekufa, nunua nyingine" ni kumtoa fedha ambazo hakupaswa kuzitoa, na mimi sioni tofauti kati ya hilo na kumwibia.

Sasa nataka mwelewe kwa nini diski ile ni nzito, kwa sababu mteja atawauliza, na fundi asiyeweza kueleza haaminiki. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea. Mashine ya kwanza ya namna hiyo IBM waliitoa mwaka 1956; ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5 tu. Tangu hapo diski zimepungua umbo na kuongezeka uwezo kwa namna ya kustaajabisha. Jambo moja halijabadilika: lazima mkono utembee na sahani izunguke. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Pigeni hesabu. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde tano na nusu, halafu ongeza milisekunde 10 hadi 12 za mkono kusogea. Kila kipande kilicho mahali tofauti kinagharimu kama milisekunde 16 au 17, kwa hiyo katika sekunde nzima diski inafika mahali 60 hivi, basi. Windows inapowaka inataka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Ni kama karani mmoja wa masjala anayetumwa mafaili elfu kumi, moja moja, na kila mara lazima arudi mezani ndipo atumwe lingine.

SSD haina kinachotembea. Data imekaa katika seli za NAND, memori iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba huko Japani na kutangazwa mwaka 1987. SSD ya kawaida hujibu ombi kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na huhudumia makumi elfu ya maombi kwa sekunde. Hapo ndipo mteja anapoona mabadiliko. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi, MB 550 kwa sekunde, ni kweli ni mara tano hivi ya diski ya zamani, lakini siyo inayomfanya mtu atabasamu akiiona laptopu yake imewaka. Kinachomfurahisha ni yale maombi madogo madogo.

Nalisisitiza hili kwa sababu litawazuia kumuuzia mtu asichohitaji. SSD zinazotumia SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, zinaishia hapo kwenye MB 550 au 560. Za NVMe, njia mpya zaidi, zinaweza kufika MB 3,500 na kuendelea. Kwa anayehariri video, tofauti hiyo ni pesa. Kwa mwalimu anayeandika mitihani, anayefungua Excel na kuingia kwenye mfumo wa matokeo, ataona tofauti kubwa kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA, na tofauti ndogo sana kutoka SATA kwenda NVMe. Mwekee ile inayoingia kwenye mashine yake, na fedha inayobaki mshauri aongeze RAM.

"Inayoingia kwenye mashine yake" hapo pana mtego. Laptopu za zamani zinachukua ile ya inchi 2.5. Angalieni unene: diski nyingi za zamani zina milimita 9.5, SSD nyingi zina milimita 7, kwa hiyo itacheza isipofungwa kwenye fremu yake au kuwekewa kile kipande cha plastiki cha kujazia. Laptopu nyingi za mtumba zinafika bila fremu wala waya wa kuunganishia diski. Fungueni muone kabla hamjataja bei. Kisha kuna SSD ya umbo la M.2, kale kadogo kama ubao wa chingamu, nyingi zikiwa na upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Umbo hilo moja linabeba SATA au NVMe, na tundu la laptopu linaweza kukubali moja na kukataa nyingine hata kama imeingia vizuri kabisa. Andikeni namba ya modeli, someni mwongozo wa mtengenezaji, ndipo mnunue. Zipo pia laptopu ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake, ile iitwayo eMMC, imechomelewa kwenye bodi, na MacBook za prosesa za Apple zenyewe nazo zimechomelewa. Huyo mwambieni ukweli kwamba diski yake haibadiliki, mumpunguzie mzigo wa programu, mumwache aende.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Kuna katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, aliyekuja kwangu na laptopu iliyokuwa imetoka kwa fundi mwingine. Ameiweka mezani, ameiwasha, na kwa haki kabisa ilikuwa inawaka upesi. Ukibonyeza Excel inafunguka hapohapo. Kisha akaniambia: "Kaka, hesabu zetu hazimo." Yule fundi alikuwa amenakili folda mbili, ile ya nyaraka na ile ya picha, akapiga Windows kwenye SSD mpya, akamaliza. Faili la VICOBA lilikuwa kwenye folda ambayo katibu aliitengeneza mwenyewe pembeni, nje ya zile mbili. Nikamuuliza, diski ya zamani iko wapi? Ilibaki kwa fundi. Tukampigia simu. Diski ilikuwa imeshafutwa na kuwekwa kwenye laptopu ya mtu mwingine, na huyo mtu keshaijaza mambo yake. Nilijaribu kila nilichokijua na sikupata faili lile. Kikundi kikaanza kukusanya vitabu vya wanachama, kimoja kimoja, kuandika upya nani kakopa nini, nani karudisha, nani hajarudisha. Mnajua wenyewe maneno yanayozuka kwenye kikundi pale kumbukumbu za fedha zinapopotea. Yule katibu ni mtu mwaminifu, na kwa miezi alitazamwa kama mwizi.

Hakuna skrubu iliyofungwa vibaya pale. Ufundi wa mikono ulikuwa sawa. Fundi alijua kubadili diski, hakujua kwamba diski ndiyo mali ya mteja na laptopu ni chombo tu cha kuibebea.

Kwa hiyo, kabla hujashika bisibisi, pima afya ya diski ya zamani. Programu ya CrystalDiskInfo itawaonyesha. Tazameni mstari wa 05, unaohesabu sehemu zilizoharibika zikahamishwa, na mstari wa C5, unaohesabu sehemu zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. Mkiona namba inapanda hapo, au mkisikia diski inagonga tik, tik, tik, msiendelee kuwasha na kuzima, msiiamuru Windows irekebishe makosa, msijaribu hiki na kile. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa sehemu chache za milioni za milimita. Kila dakika mnayoiendesha diski mgonjwa mnaweza kuwa mnakwangua. Itoeni, iunganisheni kwenye kompyuta yenu yenye mfumo wa Linux badala ya Windows, na tumieni ddrescue, programu ya kuokoa data. Programu hiyo inachukua kwanza sehemu nzima, halafu ndiyo inarudi polepole kwenye zile mbovu, na inaandika kumbukumbu ya ilipofikia ili umeme ukikatika isianze upya. Ikishindikana, mwambieni mteja ukweli na mumwelekeze kwa wenye vifaa vya kuokoa data. Kuacha kazi iliyowazidi si aibu.

Diski ikiwa nzima, nakilini yote kama ilivyo. Waya wa SATA kwenda USB ni kifaa cha bei ndogo, na Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, haina malipo. Diski ya GB 500 itahamia kwenye SSD ya GB 240 mradi vilivyomo havizidi nafasi hiyo na mmeipunguza kwanza ile sehemu ya diski ili itoshe. Mteja akiuliza mbona SSD ya GB 500 inaonyesha 465, mwelezeni kwamba mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, asije akadhani mmemchakachulia. Na ulizeni mapema kuhusu BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski. Laptopu nyingi za sasa zimefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Ukiitoa diski huwezi kuisoma kwenye mashine nyingine bila ule ufunguo wa tarakimu 48. Mkae naye, aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft, autafute ufunguo, muandike kwenye karatasi yake, ndipo muanze.

Na ikiwa mmeamua kupiga Windows upya badala ya kunakili, msichague folda kwa kukisia. Mwiteni mwenye mali aketi nanyi. "Unaweka wapi kazi zako? Nionyeshe faili ulilofungua jana. Barua pepe unasomea wapi? Kuna programu ya uhasibu humu? Ya kanisa? Ya dispensari?" Programu nyingi za uhasibu huficha hesabu zake kwenye folda ambazo mteja hajawahi kuziona.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, na hii wengi hawakufundishwa. Kwenye diski ya kuzunguka, faili likifutwa kwa bahati mbaya, data yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na fundi mwenye subira hulirudisha. Sisi wa zamani tumejengewa jina na kazi hiyo. Kwenye SSD mambo si hivyo. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo ukifuta faili huiambia SSD kwamba seli zile hazitumiki tena, amri iitwayo TRIM, na SSD huzisafisha yenyewe kwa wakati wake. Baada ya hapo endesheni programu yoyote ya kuokoa mafaili, mtapata sifuri tupu. Vilevile diski ya kuzunguka mara nyingi huugua kwanza, inagonga, inakwama, inatoa onyo. SSD inaweza kufanya kazi vizuri usiku na asubuhi isionekane kabisa kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Mnapomwekea mteja SSD mnampa kasi, na mnamwondolea nafasi ya kujisahihisha. Ni lazima mumwambie hivyo kwa maneno yake, na msimwache aondoke bila mahali pa pili pa kuweka kazi zake. Ile diski yake ya zamani, ikiwa nzima, itieni kwenye kasha la USB, mfundisheni kuichomeka kila Ijumaa. Hapo anatoka na vitu viwili badala ya kimoja.

Mtasikia pia hofu kwamba SSD "zinaisha". Ni kweli seli huchakaa kwa kuandikwa, lakini fanyeni hesabu mbele ya mteja. Samsung 870 EVO ya GB 500 imedhaminiwa kwa TB 300 za kuandika au miaka 5, chochote kitakachotangulia. Mtu akiandika GB 20 kila siku, na wengi hawafiki hapo, TB 300 zitamchukua miaka 41. Laptopu itakuwa imeshaoza. Cha kuogopa zaidi ni kuitumia SSD kama sanduku la kumbukumbu: kuijaza picha za harusi, kuifungia kabatini, kuisahau. Seli hushikilia chaji ya umeme, na chaji huvuja, upesi zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya memori, kwa SSD za matumizi ya kawaida kinataka ile iliyokwisha maliza uandishi wake iweze kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Nyumba zetu za bati Dar es Salaam na Tanga mnazijua mchana zinafika wapi.

Nije kwenye SSD feki, maana nimeona hata mafundi wazoefu wameuziwa. Kasha zuri, maandishi mazuri, TB 16, bei ya kutupa. Mkilifungua mnakuta kadi ndogo ya memori imegandishwa kwa gundi, na programu yake imechezewa idanganye ukubwa. Faili la kwanza linaingia, la kumi linaingia, mbele ya hapo linaonekana lipo na ndani hamna kitu. Kabla SSD haijaingia kwa mteja, ijazeni mpaka mwisho kwa programu ya kupimia ya H2testw, au F3 kama mko kwenye Linux, muisome tena yote. Inachukua muda, fanyeni usiku. Halafu tazameni saa zake za kazi: iliyouzwa kama mpya ikiwa imeshafanya kazi saa elfu nane, irudisheni dukani.

Kazi yenyewe ya mikono nitaipita haraka, walimu wenu wamewanoa. Zimeni kabisa, chomoeni chaja, tenganisheni betri ya ndani kwanza kabla ya kugusa chochote, shikeni chuma cha chasisi kuondoa umeme tuli. Pangeni skrubu kwa mchoro wa zilikotoka, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa bodi. Baada ya kufunga, hakikisheni BIOS iko kwenye AHCI, namna ya kuongea na diski za SATA, kama mnapiga Windows mpya. Lakini kama mmenakili diski nzima msiibadilishe bila kujua mnachofanya, Windows itagoma kuwaka.

Kuna mteja ambaye SSD haitamsaidia, naye ana haki ya kujua kabla hajatoa fedha. Laptopu yenye RAM GB 2 iliyochomelewa, au feni iliyoziba vumbi mpaka prosesa inajipunguza kasi, haiponi kwa diski. Na tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, wakati Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. EliteBook nyingi tunazozipenda ziko nyuma ya mstari huo. Sisemi zitupwe. Ukiweka SSD na Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, mashine ya kizazi cha nne inamhudumia mwanafunzi vizuri sana, na maabara nyingi za shule zetu zingeweza kufufuliwa hivyo. Lakini mweleze mteja, achague mwenyewe akiwa anajua.

Mwisho, diski ya zamani ni ya mteja. Hata ikiwa mbovu, hata akisema "baki nayo tu". Mrudishie mkononi. Ndani yake kuna vyeti vyake, picha za watoto wake, namba za wadeni wake. Akikuruhusu uiharibu, iharibu mbele yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haina msamaha kwa sababu tu kibanda chako ni kidogo. Wekeni daftari: namba ya mfululizo ya diski iliyotoka, ya iliyoingia, afya ya zote mbili siku ile, na sahihi ya mteja baada ya kufungua mafaili yake mwenyewe, matatu manne anayoyajali, akayaona. Asipoyafungua, msipokee malipo.

Baada ya vyeti nitakuwa karakana. Nimekuja na laptopu kadhaa zikiwa wazi, mojawapo ina tundu la M.2 ambalo nina hakika wengi mtasema ni la NVMe. Njooni na bisibisi zenu, wazazi pia karibuni. Asanteni sana.